Donge kooni, kifua kubana, vipimo safi: namna ninavyozisoma ishara za mwili

Dada, nimesoma mada yako na michango yote ya waliotangulia. Nitajibu kwa urefu, maana hili ndilo ninalokutana nalo kila siku kazini.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada anasumbuliwa na donge kooni na kifua kubana, zaidi nyakati za jioni. Kapimwa umeme wa moyo, picha ya kifua, damu na tezi, vyote safi, akaambiwa "ni mawazo tu, kapumzike." Akaenda kwa mtoa tiba ya mwili na akili, naye akamwambia kwamba donge la kooni maana yake kuna ukweli hajausema, na maumivu ya nyonga ya kushoto ni huzuni ya ukoo wa mama. Sasa anauliza: mwili unatoa ishara za hisia kweli, na kama unatoa, zinasomwaje?

Unatoa, sina shaka na hilo. Ila sikubaliani na namna ulivyosomewa. Ishara ya mwili haisomwi kwa kuangalia pale inapouma. Inasomwa kwa kuangalia inavyobadilika: inaanza saa ngapi, inakaza ukiwa na nani, inalegea ukifanya nini. Mtu akikupa maana kabla hajakuuliza hayo, anabahatisha.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nipo Tanga, na baadaye nilisomea unasihi. Nilikwenda kuusomea kwa sababu nilikuwa napokea watu wa shingo, mgongo na mabega ambao misuli yao ililegea vizuri mikononi mwangu, halafu wiki inayofuata wanarudi wamekaza vilevile.

Kabla ya hisia, usalama, kwa sababu hapa watu wanapoteza maisha. Moyo na tezi umeshapima, vizuri. Sasa jichunguze: donge hilo unalisikia ukimeza mate au ukimeza ugali? Donge la msongo mara nyingi husumbua ukimeza mate matupu, na ukila linapungua au linapotea kabisa. Lakini kama chakula kinakwama, unapungua uzito bila sababu, sauti imekauka kwa wiki kadhaa, au unagusa uvimbe shingoni, rudi ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Kiungulia nacho huleta donge, hasa kwa anayekula usiku na kulala papo hapo. Na siku kifua kikibana pamoja na kijasho cha baridi, au maumivu yakapanda tayani au yakashuka mkononi, usikae kuzisikiliza hisia zako. Kimbia hospitali, hata kama kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa safi. Upungufu wa damu huufanya moyo uende mbio, na dawa ya pumu pia. Mtoa tiba yeyote mwenye heshima na kazi yake atakuuliza haya yote kabla ya kukuuliza habari za utoto wako.

Kuhusu ile kauli ya "ni mawazo tu," naomba wakuu tuiache hiyo "tu". Mawazo yana njia zake ndani ya mwili na zinajulikana. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni, kifuani, hadi tumboni, unaitwa vagasi. Karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo ubongo unasikiliza moyo, mapafu na utumbo kuliko unavyoviamuru kupitia njia hiyo. Ukiwa na hofu adrenalini inapanda, damu inapungua tumboni na kwenda kwenye misuli, mate yanakauka, misuli ya koo na mabega inakaza. Pumzi nayo inakuwa fupi na ya haraka, hewa ukaa inapungua kwenye damu, na hapo ndipo midomo na vidole vinapofanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi na kifua kinabana zaidi. Mtu anaogopa zaidi, anavuta hewa zaidi, na hali inazidi. Ndiyo maana ule ushauri wa "vuta pumzi ndefuuu" uliotolewa hapo juu siupendi. Anayebanwa kifua kwa hofu tayari anavuta hewa nyingi mno. Mwambie atoe pumzi taratibu, kama anapoza chai, na aache kuvuta kuje kwenyewe.

Zimbabwe wamelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko sisi. Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, akiwa na bibi 14 waliofundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi na kumsikiliza. Watu wa huko wana jina la ugonjwa wa kufikiri kupita kiasi, kufungisisa, na dodoso wanalolitumia lina maswali 14. Moja linauliza kama tumbo limekuwa likikuuma. Yaani tumbo limewekwa humo humo na kukosa usingizi na kulia, bila kutenganishwa.

Sasa nieleze kusoma kwenyewe. Nitatoa mfano wa mama mmoja fundi cherehani. Mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Alikuja na shingo na bega la kulia, na kila mtu pamoja na yeye mwenyewe alishasema ni cherehani. Nikaweka kiganja juu ya bega lake, tukawa tunaongea ya kawaida. Akanieleza habari za vitenge, wateja wa harusi, wanafunzi wanaotaka sare Januari. Bega liko laini, linapanda na kushuka na pumzi. Akataja Alhamisi. Pumzi ikasimama. Bega likapanda kuelekea sikioni, na kidole gumba cha mkono uleule kikaingia ndani ya ngumi. Yeye anaendelea kuongea, sauti haijabadilika hata kidogo.

Sikumwambia maana yoyote. Nilimuuliza, "Mama, umeona bega lako limefanya nini sasa hivi?" Akanyamaza, akaliangalia. "Limepanda." Nikamuuliza lilipopanda tulikuwa tunaongea nini. Ikachukua muda. Akasema, "Marejesho."

Alikuwa na mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, unarejeshwa kila Alhamisi, na mume hajui. Tulipofuatilia pamoja tukaona maumivu yanaanza Jumatano jioni, yanafika kilele Alhamisi asubuhi, na Ijumaa anaweza kushona siku nzima kwa cherehani ileile bila kuumia sana. Angalieni hapo. Angekutana na mtu mwenye chati ya "bega la kulia ni mzigo wa wanaume wa ukoo," angerudi nyumbani na simulizi nzuri na deni lake palepale. Kilichomsaidia ni kumwambia dada yake, kisha kikoba chao kikamkopesha akalipa lile deni baya. Na kiti chake cha kushonea kweli kilikuwa kifupi, tukakiinua, nikampa na mazoezi ya shingo. Bega lilipona taratibu, kwa vyote hivyo. Msiniulize ni asilimia ngapi deni na ngapi kiti, kwa sababu mwili haugawanyi hivyo.

Kuna mdau ameleta picha ya ile ramani ya mwili yenye rangi, akisema sayansi imethibitisha hisia zinakaa wapi. Ramani hiyo naijua na naiheshimu. Ni kazi ya watafiti wa Finland, akiwemo Lauri Nummenmaa, ya mwaka 2013. Watu zaidi ya 700 kutoka Finland, Sweden na Taiwan walipaka rangi kwenye mchoro wa mwili kuonesha wapi panaamka na wapi panapoa wakiwa na hasira, huzuni, furaha na hisia nyinginezo. Hasira ilipanda kifuani, kichwani na mikononi. Huzuni ilionesha mikono na miguu ikipoteza nguvu. Furaha ilienea mwili mzima. Lakini wale watu walipewa hisia kwanza, ndipo wakaonesha mahali. Huwezi kuigeuza. Joto kifuani linaweza kuwa hasira, hofu, mapenzi au kiungulia. Na huo ni wastani wa watu wengi. Mimi mwenyewe hasira yangu haiko kifuani, iko kwenye taya: nikiamka meno yanauma najua kuna neno nimelimeza jana yake.

Aliyenisaidia zaidi kuelewa namna ya kuuliza mwili ni Eugene Gendlin, mwanafalsafa aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers pale Chuo Kikuu cha Chicago. Walisikiliza kanda za mazungumzo ya tiba ili kujua kwa nini wengine wanapona na wengine hawaponi. Gendlin aliona kwamba waliopona walikuwa na tabia moja: katikati ya maneno wanasita, "hapana, si hasira hasa... ni kama..." Walikuwa wanapima neno dhidi ya kitu wanachokihisi ndani ambacho bado hakina jina. Neno sahihi likipatikana kitu kinalegea: pumzi inashuka, tumbo linanguruma, chozi linatoka. Huo mlegeo ndio unaoonesha umesoma vizuri. Bila mlegeo, maelezo yawe mazuri kiasi gani, bado hujafika.

Kwa hali yako ningeanza hivi. Tafuta daftari dogo, na kila donge likija andika saa, uko wapi, uko na nani au umetoka kuongea na nani, umekula nini, na kilichofanya lipungue. Hilo la mwisho watu wengi huliacha, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Fanya hivyo wiki mbili tatu bila kutafuta maana. Umesema ni jioni. Je, ni ukikaribia nyumbani, au ukishafika? Ni na Jumapili pia?

Halafu mara moja kwa siku, kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni. Usianzie kooni. Anzia mahali pasipouma: viganja, nyayo, makalio yanapokutana na kiti. Pakitulia, peleka usikivu kooni kwa pumzi chache tu. Likoje? Lina kingo? Ni la baridi au la moto? Linapanda, linashuka? Kisha rudi kwenye nyayo. Nenda na kurudi. Likikupa neno au sura ya mtu, liseme kwa sauti ndogo uone koo linafanya nini. Lisipokupa kitu, basi kwa siku hiyo imetosha.

Kwa waliopitia kupigwa, kubakwa, ajali au vita, nawaomba msifanye hili peke yenu kwa muda mrefu. Mwili uliofungwa kwa ajili ya kujilinda ukifunguliwa kwa pupa unaweza kukurudisha kwenye tukio lenyewe, moyo unadunda, unasikia harufu za siku ile. Likianza hivyo, fumbua macho, taja vitu unavyoviona chumbani, shika kitu cha baridi, simama utembee. Haya ya kwenu yanahitaji mtu mwenye mafunzo, na yanakwenda kidogo kidogo.

Mdau aliyeshauri kisomo na yule wa maombi, sina ugomvi nao. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu wakisali Rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi inashuka hadi karibu 6 kwa dakika na mapigo ya moyo yanafuata mdundo huo. Anayesoma Qur'ani kwa tartili, yaani taratibu na kwa utulivu, au kuimba kwaya anatoa pumzi ndefu vilevile, tena mara nyingi akiwa na wenzake. Dada, kama ukisoma au ukiimba donge linapungua, liandike kwenye daftari. Ni habari kamili. Ninachopinga ni kuambiwa una jini kabla hujapimwa, au kuambiwa huna imani kwa sababu bado linakaba.

Umeuliza kama uendelee kulipia kwa yule mtoa tiba. Mpe nafasi moja zaidi, na umwambie hivi: "Ile tafsiri ya nyonga sikuihisi ndani yangu." Mzuri atafurahi kusikia hivyo na kukuuliza wewe unahisi nini. Akikulazimisha, akisema unakataa uponyaji, ondoka. Akikugusa bila kuomba ruhusa, ondoka. Akikwambia uache dawa za presha, kifafa au sukari, ondoka siku hiyohiyo na uwaambie na wengine.

Pia hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, kwa hela ndogo kuliko hizo unazomlipa huyo mtoa tiba, na kwenda huko hakumaanishi umechanganyikiwa. Uliza mapokezi siku gani kliniki inafanyika, maana sehemu nyingi si kila siku, na uende na daftari lako.