Kabla ya kuwasha pikipiki: lena, daraja la leseni na mavazi ya kukulinda

Watu wengi Dar es Salaam huanza pikipiki kinyumenyume. Pikipiki inanunuliwa kwanza, rafiki anafundisha jioni kwenye uwanja wa mpira, mwezi haujaisha mtu yuko Barabara ya Morogoro na kandambili, na leseni inakumbukwa siku trafiki wamemsimamisha. Mavazi ya kujikinga yanakuja mwisho, hela ikibaki. Mimi nashauri ugeuze mpangilio huo: jua daraja la leseni kabla ya kuchagua pikipiki, nunua helmeti na glavu kabla ya somo la kwanza, mengine yafuate.

Wiki za kwanza ndizo mwanafunzi anapoangusha pikipiki mara nyingi, tena kwa mwendo wa mtu anayetembea: klachi imeachiwa ghafla, au breki ya mbele imeminywa huku usukani umekatwa. Usiudharau mwendo huo mdogo. Kichwa kinachoanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu kinafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama. Lami haijali kwamba ulikuwa unajifunza.

Daraja kwanza

Leseni za pikipiki Tanzania zina madaraja manne. A ni ya pikipiki yenye injini inayozidi cc 125 au uzito unaozidi kilo 230, iwe na kigari cha pembeni au isiwe nacho. A1 ni ya pikipiki ndogo kuliko hapo, isiyo na kigari. A2 ni ya vyombo vya magurudumu matatu au manne vya jamii hiyo, bajaji ikiwemo. A3 ni ya vipikipiki visivyozidi cc 50.

Kwenye karatasi ni rahisi, mtaani watu wanajichanganya kila siku. Boxer BM 150 ina injini ya cc 144.8, kwa hiyo inataka daraja A. Boxer 100 na TVS HLX 125 zinaingia A1. Sasa mtu anajifunza kwa HLX 125 ya chuo, anapata A1, kisha tajiri anampa Boxer 150 ya mkataba. Anaendesha akiamini ana leseni, kumbe kwa chombo kile hana. Trafiki akisoma kadi ni kosa, na siku ya ajali kampuni ya bima imepata sababu ya kukataa kulipa. Kama hujui utaishia na pikipiki gani, jifunze na ufanye mtihani wa daraja A tangu mwanzo.

Safari ya leseni yenyewe haina maajabu. Unaanza na leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, unasoma kwenye chuo cha udereva kinachotambuliwa, unatahiniwa na polisi wa usalama barabarani na kupata cheti cha umahiri, kisha unakwenda TRA na namba yako ya mlipakodi ili upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Leseni kamili hudumu miaka mitano. Kinachochelewesha wengi ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Ramadhani, cheti cha chuo kinasema Ramadhan, TIN (ndiyo hiyo namba ya mlipakodi) ina majina mawili badala ya matatu, basi maombi yanakwama. Siku unapojiandikisha chuoni wape nakala ya NIDA waandike kama ilivyo, herufi kwa herufi, na ukipewa cheti kisome palepale kabla ya kuondoka.

Lena ina tarehe ya mwisho. Iangalie, usije ukafika siku ya mtihani imekwisha. Funga alama ya L nyekundu kwenye ubao mweupe mbele na nyuma, mahali ambapo mkoba au koti havitaifunika. Na usibebe abiria. Mtu nyuma anabadilisha uzito, breki na kona kwa wakati mmoja, na hayo matatu ndiyo hasa bado unajifunza.

Chuo kinachofundisha na kinachouza cheti

Vyuo vingi vina magari mazuri, ila pikipiki ni ile moja iliyolala nyuma ya ofisi. Kabla hujalipa, omba kuiona. Iwashwe mbele yako, breki zote zifanye kazi, saiti mira ziwepo mbili. Uliza uwanja wa mazoezi uko wapi, na kwa siku utakuwa juu ya pikipiki dakika ngapi. Wanafunzi sita kwa pikipiki moja katika saa moja ni dakika kumi kila mmoja, na dakika kumi hazitoshi hata kuzoea klachi. Akitokea wa kukuambia cheti kinapatikana bila kufanya mazoezi, ondoka. VETA wana mafunzo ya udereva, na kwa anayetaka kufundishwa kwa utaratibu ni pa kuanzia kuulizia.

Pikipiki ikiwashwa tu, uliza giya zimepangwaje. Kuna pikipiki ambazo giya zote zinaingia kwa kukanyaga upande mmoja, na nyingine namba moja inakwenda chini halafu zinazofuata zinapandishwa juu. Aliyezoea moja akipanda nyingine hupunguza giya akidhani anaongeza, tairi la nyuma linakwama na kuteleza.

Siku za mwanzo zote ziwe za klachi. Tafuta ile nafasi ndogo ambapo pikipiki inaanza kuvuta, ishikilie hapo, sogea mita mbili, simama, rudia mara ishirini. Injini ikizima mara nyingi, unaiachia klachi haraka. Ikinguruma bila kwenda, mafuta ni mengi kuliko klachi. Ukishaweza hilo ingia kwenye nane, yaani zoezi la kuzunguka koni kwa umbo la namba 8. Wengi huangusha mguu kwenye nane kwa sababu wanatazama koni iliyo mbele ya tairi. Tazama unakotaka kutokea, geuza kichwa chote, mwendo uubane kwa breki ya nyuma kidogo huku mafuta yakibaki palepale. Breki ya mbele usiiguse ukiwa umekata usukani.

Lakini usije ukaiogopa breki ya mbele kabisa. Huko mtaani wanafundishana kwamba breki ya mbele inapindua, hivyo watu wanaendesha miaka kumi kwa mguu tu. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, tairi la mbele linashika zaidi na la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Anayetumia ya nyuma peke yake anaburuza tairi huku gari la mbele linamkaribia. Jizoeze kwenye lami kavu, usukani ukiwa umenyooka: minya ya mbele taratibu, kisha ongeza, na ya nyuma isindikize. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo kwenye maeneo ya makazi, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kusita ni mita 14 zimeondoka kabla breki haijafanya lolote.

Helmeti

Hapa ndipo hela yako ya kwanza iende. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hiyo ni helmeti ya kweli iliyofungwa kidevuni. Ile kofia ya plastiki ya mafundi ujenzi imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, si kichwa kinachokwenda kugonga ukingo wa barabara.

Tia mkono ndani na uchunguze. Chini ya kitambaa kuwe na povu gumu, la jamii ya lile linalofungiwa televisheni mpya. Hilo ndilo linalookoa: linapondeka kwa kupokea pigo, ubongo unapata muda wa kupunguza mwendo. Ukibonyeza kwa kidole ukakuta sponji laini mpaka kwenye gamba, hiyo ni kofia ya kuonyesha trafiki tu. Pikipiki mpya mara nyingi huuzwa pamoja na helmeti. Nayo ipime vivyo hivyo, usiipokee kwa kuwa ni ya bure.

Alama nazo zisome. Helmeti iliyopimwa kwa ECE, viwango vinavyotumika Ulaya, ina lebo iliyoshonewa kwenye kamba ya kidevuni: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha (E1 Ujerumani, E3 Italia, E9 Hispania), halafu namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Herufi P inamaanisha sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga; NP inamaanisha haikingi, hata ikionekana nene. Za India zina alama ya ISI na namba IS 4151. Stika ya DOT, alama ya Marekani, peke yake isikutulize, maana hiyo inachapishwa popote. Halisi huwa na jina la mtengenezaji na maneno FMVSS No. 218.

Ukubwa ndio unaoharibu hata helmeti nzuri. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa sentimita mbili hivi juu ya nyusi. Kwa watengenezaji wengi, sentimita 57 hadi 58 ni M na 59 hadi 60 ni L. Vaa, funga kamba ibaki nafasi ya vidole viwili, kisha tikisa kichwa: ngozi ya mashavu iende pamoja na helmeti. Shika ukingo wa nyuma kwa chini, isukume kuelekea mbele kwa nguvu. Ikitoka kichwani, irudishe kwenye rafu. Kaa nayo dukani robo saa bila aibu; ikiuma sehemu moja ya paji la uso, umbo lake si lako. Ikibana mashavu tu usiogope, sponji hulegea baada ya wiki chache.

Mwenye rasta au nywele za kusuka apime zikiwa zimelala, mafundo yasikae juu ya utosi. Asinunue helmeti kubwa ili nywele zienee, kwa sababu siku nywele zikifumuliwa itacheza. Mwenye hijabu avae ya kitambaa chepesi kisicho na pini, maana pini chini ya helmeti inageuka kuwa msumari. Buibui na khanga zikunjwe zikaliwe, mbali na mnyororo na spoku.

Mikono, miguu, mwili

Baada ya helmeti, nunua glavu. Ukianguka mikono inatangulia yenyewe, huna muda wa kuizuia. Tafuta zenye ngozi mbili kiganjani na mkanda kwenye kifundo cha mkono. Funga mkanda, vuta ncha za vidole: glavu ikichomoka sasa, itachomoka na siku hiyo. Lebo yenye EN 13594 ni dalili nzuri. Glavu za kuchomelea ni nene, lakini hazikuachii kuihisi klachi.

Viatu vifunike vifundo vya miguu, soli isiwe laini, kamba zichomekwe ndani zisije kunasa kwenye kikanyagio cha giya. Buti za kazi zenye chuma mbele zinafaa kama ncha yake inaingia chini ya giya bila kulazimisha. Jaribu juu ya pikipiki kabla ya kulipa.

Koti ndilo watu wanalikwepa kwa joto, na kwa jua la Dar siwalaumu. Yapo makoti ya wavu yanayopitisha upepo, yenye pedi mabegani na viwikoni. Lebo ya Ulaya ina herufi: AAA ni kinga kubwa zaidi dhidi ya msuguano, kisha AA, kisha A. B inahimili msuguano kama A ila haina pedi, na C ni ya kubeba pedi tu. Pedi zenyewe zina maandishi EN 1621-1 na namba 1 au 2. 2 inapunguza pigo zaidi.

Kwa bajeti ndogo, nenda kwenye mitumba pale soko la Karume. Makoti ya ngozi ya pikipiki hupatikana, ila yamechanganyika na ya mitindo. La pikipiki ni zito, ngozi yake ina unene wa milimita moja na zaidi, mishono ni miwili miwili, na ndani ya mabega na viwiko kuna mifuko ya pedi. Vuta mshono kwa mikono miwili na ukunje ngozi: ikipasuka mistari, imekauka. Pedi kama hazimo utanunua, kwa hiyo pima mifuko. Halafu livae lilivyoshonwa. Ile tabia ya kugeuza koti, zipu ikawa mgongoni, inazuia upepo kifuani lakini pedi zinahama na mgongo unabaki wazi.

Jinzi ya kawaida inachanika mapema sana kwenye lami, hivyo funga pedi za magoti juu yake au ndani yake. Reflekta ivaliwe juu ya kila kitu, hata juu ya koti la mvua, na ile iliyofifia kwa vumbi na kufuliwa ibadilishwe. Koti la mvua liwe la kubana lenye suruali yake. Yale mapana ya kujifunika yanapeperuka na kuingia kwenye gurudumu.

Abiria naye anahitaji helmeti yenye kumtosha, kwa hiyo utakapopata leseni kamili weka moja ya ziada ya M. Mfundishe kushuka upande wa kushoto, kwa kuwa kwenye pikipiki zetu nyingi egzosi iko kulia, na ndiyo inayochoma mashavu ya miguu.

Helmeti usiitundike kwenye saiti mira, kwa sababu ncha yake inatoboa povu. Kioo kioshwe kwa maji na sabuni, kamwe si petroli. Kioo cheusi ni cha mchana tu, na kilichochubuka kibadilishwe kwa sababu usiku taa za magari hutawanyika juu yake usione mbele. Helmeti ikishapokea pigo la ajali imekwisha, hata kama gamba halina ufa, kwa kuwa povu lililopondeka halirudi. Ikate kamba zake kwa kisu kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaivaa.