“Pandisheni sauti”: tupande au tuongeze?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili. Kiongozi wetu akisema “pandisheni sauti”, nusu yetu tunaimba kwa nguvu zaidi, nusu nyingine tunapandisha noti, kisha tunabaki kulaumiana. Tena yeye husema sauti zetu “hazilingani”, msaidizi wake husema “hazipatani”, na mgeni aliyekuja kutusikiliza alisema tumekosa “uwiano”. Je, haya ni maneno matatu ya jambo moja? Na tuseme kwaya imeimba au kwaya wameimba?

JIBU: Marahaba. Kiongozi wenu hajakosea Kiswahili, na nyinyi hamjakosea kumwelewa. Mwenye makosa ni neno “sauti”, ambalo limebebeshwa mizigo kupita kiasi. Tulilipata kutoka Kiarabu, na leo lina maana ya mlio wa mtu au kitu, ukubwa wa mlio huo (“punguza sauti ya redio”), kimo chake (“ana sauti nyembamba”), fungu la waimbaji (“sauti ya pili imechelewa”), na hata uwezo wa kuamua (“hana sauti nyumbani kwake”). Kwenye mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Kwenye mazoezi ya kwaya, ukubwa, kimo na fungu hutajwa ndani ya dakika moja, na kila kimoja kinaitwa sauti.

Kitenzi nacho kinazidisha utata. Kiswahili kimezoea kuueleza ukubwa wa sauti kana kwamba ni urefu wa kwenda juu. Tazama “kupaza sauti”: “paza” ni “paa” iliyotiwa kiambishi cha kusababisha, yaani kufanya kitu kipae. Lakini anayepaza sauti hatuelewi kwamba ameifanya nyembamba, tunaelewa kwamba ameongea kwa nguvu. “Kwa sauti ya juu” ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nusu yenu iliyoimba kwa nguvu ilifuata mazoea ya lugha, na nusu iliyopandisha noti ilifuata mazoea ya muziki. Nyote mna hoja.

Dawa ni kuvigawa vitenzi. Ukubwa wa sauti uachiwe “ongeza” na “punguza”, pamoja na vivumishi “kubwa” na “ndogo”. Vitenzi hivi ni vya kiasi, havina juu wala chini, na hakuna atakayevielewa vibaya. “Panda” na “shuka” viachiwe kimo, na nashauri mtendwa awe “noti”, si “sauti”: “pandisheni noti”, “noti imeshuka”. Wanaisimu wana neno lao, kidatu, kwa kiwango cha juu au cha chini cha sauti. Ni neno zuri katika maandishi, ila sijui ni kwaya gani itakayolivumilia saa mbili za mazoezi. Kwa kueleza koo la mtu, lugha yetu ina jozi ya zamani isiyogusa juu na chini kabisa: sauti nyembamba na sauti nene (au nzito). Mtu anaweza kuwa na sauti nyembamba iliyo kubwa, au sauti nzito iliyo ndogo, na sentensi zote mbili zinaeleweka papo hapo. Jaribu kusema hayo kwa “juu” na “chini” uone utakavyojikwaa.

Kuna jambo jingine ambalo si la lugha, ingawa lugha inalifunika. Mwili wenyewe huchanganya ukubwa na kimo. Kuongeza sauti ni kusukuma hewa zaidi kutoka mapafuni. Nyuzi za sauti zikisukumwa hivyo hutetema kwa upana zaidi, na huo ndio ukubwa; lakini mwimbaji asipozidhibiti, hutetema pia kwa kasi zaidi, na hapo noti inapanda bila mwenyewe kukusudia. Akiambiwa apunguze, hewa inapungua, kasi nayo inalegea, noti inateleza chini. Ndiyo maana kwaya isiyofuata kinanda, ikipita kwenye ubeti wa sauti ndogo, mara nyingi huanza na do moja ikamaliza na do nyingine. Basi kiongozi akitaka ukubwa upungue, aseme yote mawili: “Punguzeni sauti, noti ibaki palepale.”

Agizo lililokamilika lina nani, wapi na nini. Linganisha haya:

“Alto, pandisheni sauti!”

“Sauti ya pili, ubeti wa tatu, silabi ya mwisho: noti imeshuka. Ipandisheni, nguvu ibaki ile ile.”

La pili ni refu, nakubali. Lakini linatamkwa mara moja, na lile la kwanza hurudiwa mara tano.

Sasa yale maneno matatu. Kamusi huyaacha yakaribiane, na mtu akiyabadilishana hatuwezi kumhukumu. Hata hivyo kwaya ina mambo matatu tofauti ya kutaja na maneno matatu ya kuyatajia, kwa hiyo kuyatumia kiholela ni ufujaji.

Kulingana ni kuwa sawa. Waimbaji wawili wa soprano (sauti ya kwanza) wanaoshika noti ile ile wanapaswa kulingana. Mmoja akitoa mitetemo 440 kwa sekunde na mwenzake 443, hawajalingana, na sikio halihitaji kifaa kulitambua hilo: litasikia mlio ukivimba na kunywea mara 3 kila sekunde, ambayo ndiyo tofauti ya namba hizo. Kadiri wanavyokaribiana, mtikisiko unapungua kasi, mpaka unatoweka. Basi “hazilingani” ni lawama ya watu wa fungu moja wao kwa wao. Alto (sauti ya pili) na besi (sauti nene kabisa ya wanaume) hawawezi kulaumiwa kwa kutolingana, maana hawakupewa noti moja.

Kupatana kunahitaji tofauti. Wanaopatana bei walianza na bei mbili. Chukua do, mi na so zikiimbwa pamoja: mitetemo yake, zikikaa vizuri kabisa, huwa kwa hesabu ya 4, 5 na 6. Do ikiwa 200 kwa sekunde, mi ni 250 na so ni 300. Hakuna iliyolingana na mwenzake, na bado zikishikana mlio unatulia ghafla, kama mlango uliokuwa ukigonga fremu kisha ukaingia kitasani. Raha ya kuimba kwa sauti nne, kwa sehemu kubwa, ni huo utulivu. Kinanda hakiufikii barabara, kwa sababu kimegawa oktava (umbali wa kutoka do hadi do inayofuata) katika hatua 12 zilizo sawa, na mi yake kwa mfano huu huwa karibu 252. Wanaoimba bila ala wanaweza kuishusha mi hiyo kidogo tu mpaka ikae. Hiyo ndiyo kazi ya kupatanisha, na jina lake nalipendelea liwe upatanifu wa sauti.

Wanasarufi walichagua neno la ukoo huo huo, upatanisho wa kisarufi, na walichagua vyema. Katika “kiti changu kimevunjika”, ki-, ch- na ki- hazifanani zote, ila zinamtii bwana mmoja.

Angalizo la kisarufi hapo: kiambishi -ana katika “patana” kinadai zaidi ya mmoja. Kwa hiyo “sauti zao zimepatana” ni sawa, na “sauti yake imepatana na yangu” ni sawa. “Sauti yao imepatana” inapwaya, maana sauti moja itapatana na nani? Kwa kuwa neno “sauti” halibadiliki umbo katika wingi, ni “yao” na “zao” pekee zinazotuambia tunahesabu ngapi.

Uwiano ni wa kiasi, kama katika hesabu. Kwaya ya watu 24 yenye soprano 12, alto 6, tenori 3 na besi 3 inaweza kushika kila noti kwa usahihi, ikalingana na kupatana, na bado msikilizaji asisikie besi. Kilichokosekana hapo ni uwiano. Tiba yake si kuwaambia besi watatu waongeze sauti; kwa sababu tuliyoiona, wataikaza mpaka noti ipande. Soprano ndio wapunguze sauti, na besi wasogezwe katikati ya mstari badala ya kuachwa pembeni. Huenda mgeni wenu alimaanisha hilo hasa, na wala hakupingana na wenyeji wake.

“Kwa sauti moja” nayo ina mtego mdogo. Nje ya muziki ni kukubaliana bila mpinzani: “walikataa kwa sauti moja”. Kwenye kwaya ni wote kuimba noti zile zile bila kugawana mafungu. Wanaume na wanawake wakiimba hivyo, kwa kawaida wanaume wapo oktava moja chini, yaani 220 dhidi ya 440. Kwa namba ni mbili, kwa desturi tunaziita moja, na sikio linaunga mkono desturi. Usichanganye na “kwa sauti” tupu, ambayo ni kinyume cha kimoyomoyo.

Majina ya mafungu: kuhesabu kutoka sauti ya kwanza hadi ya nne ni Kiswahili kizuri, mradi mjue idadi. Katika wimbo wa sauti nne, ya tatu ni tenori. Katika wimbo wa sauti tatu, ya tatu ndiyo ya chini kabisa. Besi imeshazoeleka. Wanaoandika “tena” kwa maana ya tenori ningewasihi waache, wasije wakaandika siku moja “tena waimbe tena” na wasijue nani ameitwa.

Mwisho, kwaya imeimba. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI kama timu na kamati: kwaya imeimba, kwaya zimeimba, wanakwaya wameimba. Majina ya mafungu yana uhuru zaidi, kwa kuwa hutaja watu na pia hutaja sauti, na upatanisho ndio unaoamua. Ukisema “alto wameshuka”, tutawatafuta chini ya jukwaa. Ukisema “alto imeshuka”, tutaomba noti.