Kwa aliyekwama kwenye aljebra dhahania: anza na grupu ya elementi sita

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema kalkulasi ulifaulu, aljebra ya matriksi ukafaulu, na sasa wiki ya tano ya aljebra dhahania unakaa darasani ukinakili ubao mzima bila kujua kinachoendelea. Unauliza uiache kozi mpaka mwakani, au kama kuna kitabu cha kukuokoa.

Nilipita humohumo. Jaribio la kwanza nilipata 31 kwa 100, na muhula uleule nikaimaliza kozi vizuri. Kwa hiyo usiiache bado. Kitabu nacho sidhani kama ndicho unachokosa. Mimi nilichokosa ni mifano, yaani grupu chache (grupu ni mkusanyiko wa vitu, viitwavyo elementi, wenye namna moja ya kuzidisha viwili upate kingine cha humohumo) ambazo nazijua nje ndani, nimezikokotoa kwa mkono wangu, kila elementi naijua kwa jina.

Nitakueleza nilivyoligundua hilo. Kwenye jaribio kulikuwa na swali hili: grupu ambayo kila elementi ikizidishwa kwa yenyewe inatoa e (ile elementi isiyobadilisha kitu), thibitisha kwamba xy = yx siku zote. Ufafanuzi wa grupu nilikuwa nao kichwani kama shairi, masharti yote manne: zao libaki humohumo, mabano yasibadilishe jibu, e iwepo, na kila elementi iwe na kinyume chake kinachoirudisha kwenye e. Nikakaa dakika ishirini na karatasi nyeupe. Jibu lenyewe ni la mstari mmoja: xyxy = e, zidisha kwa x kushoto na kwa y kulia, xx na yy zinapotea, unabaki na yx = xy. Basi. Nilikuwa nasubiri njia ya kufuata kama zile za kutafuta intigrali, kumbe hapa ufafanuzi ndio chombo chenyewe cha kazi, na mimi nilikuwa nimeukariri tu bila kuugusa.

Baada ya hapo nilifanya jambo moja ambalo lilibadilisha muhula wangu. Chukua kadi tatu uziweke mezani kwa mstari. Kuna njia sita za kuzipanga upya: e ni kuziacha zilivyo, a inabadilishana nafasi ya kwanza na ya pili, b ya kwanza na ya tatu, c ya pili na ya tatu, r inapeleka ya kwanza kwenye ya pili, ya pili kwenye ya tatu, ya tatu inarudi kwenye ya kwanza, na s ni mzunguko wa kurudi nyuma. Kuzidisha ni kufanya moja kisha nyingine, ya kulia ikitangulia. Nilijaza jedwali lote, visanduku 36, bila kutazama kitabu. Ilinichukua jioni nzima na nilikosea mara nyingi. Lakini tangu siku hiyo kila nadharia iliyoandikwa ubaoni niliipeleka kwanza kwenye jedwali langu. Mhadhiri akisema "tuseme G ni grupu," mimi kichwani nasema kadi tatu.

Sasa nije kwenye koseti (fungu unalopata ukizidisha elementi moja kwa kila elementi ya grupu ndogo, yaani grupu iliyo ndani ya grupu kubwa), maana nadhani hapo ndipo ulipozama, na watu wengi huzama hapohapo. Koseti zenyewe si ngumu. Shida inaanza unapoambiwa uzizidishe koseti kwa koseti ili upate grupu mpya, halafu linatokea sharti la grupu ndogo kuwa "normali" ambalo linaonekana limedondoka kutoka mbinguni. Mimi nilikariri sharti lile kwa wiki mbili bila kujua linazuia nini. Tazama linachozuia.

Chukua grupu ndogo H yenye e na a tu. Koseti zake za kushoto ni tatu: H yenyewe, kisha bH ambayo ina b na r (kwa sababu ba = r), kisha cH yenye c na s. Sasa jaribu kuzidisha bH kwa bH. Njia ya kawaida ni kuchagua mwakilishi mmoja wa koseti, ukazidisha, ukaangalia umeangukia koseti ipi. Ukimchagua b, bb = e, umeangukia H. Lakini r naye ni wa koseti ileile, ana haki ileile ya kuwakilisha. Ukimchagua yeye, rr = s, umeangukia cH. Swali moja, majibu mawili. Kuzidisha kumevunjika.

Rudia kwa grupu ndogo yenye e, r na s. Koseti ni mbili tu: hiyo yenyewe, na ile yenye a, b, c. Chagua mwakilishi yeyote umtakaye: badilishano kwa badilishano daima linaangukia kwenye koseti ya kwanza, badilishano kwa mzunguko daima kwenye ya pili. Haiyumbi. Hii ndiyo normali, wala si kitu kingine: ni ahadi kwamba jibu halitegemei nani umemtuma kuwakilisha. Na ahadi hiyo ulishaitumia tangu zamani bila kuitaja, kwenye mabaki. Ukigawa kwa 5, baki 3 jumlisha baki 4 inatoa baki 2. Watume 8 na 19 badala yao, unapata 27, baki bado 2. Nilipoliona hili nilifunga daftari nikatembea kidogo, nilifurahi mno.

Ningependa pia ujue sharti hili lilitoka wapi, kwa sababu mpangilio wa kozi unaficha. Tunafundishwa ufafanuzi kwanza, kana kwamba mtu aliamka siku moja akaandika masharti manne. Watu walikuwa wanatafuta fomula ya milinganyo ya digrii ya tano, kama ile ya kwadratiki. Mwanahisabati Abel alionyesha mwaka 1824 kwamba fomula ya jumla kwa kutumia vipeuo (kipeuo cha pili, cha tatu na kuendelea) haipo. Kisha Mfaransa Galois akaeleza ni mlinganyo upi unatatulika na upi hautatuliki, kwa kutazama jinsi mizizi, yaani majibu ya mlinganyo, inavyoweza kubadilishana nafasi, na hapo ndipo grupu ndogo za namna ile zilipoonyesha kazi yake. Alikufa 1832 akiwa na miaka 20, na maandishi yake yakachapishwa 1846 kwa juhudi za mwanahisabati Liouville. Ufafanuzi wa grupu kwa ujumla wake, usiofungwa na mizizi wala kadi, Mwingereza Cayley alikuja kuujaribu 1854. Kwa hiyo mifano ilitangulia, ufafanuzi ukafuata. Nawe ukijifunza kwa mwendo huo hutakuwa unakwepa kazi.

Grupu nyingine nilizobeba: saa ya 12, ambapo 9 na 5 ni 2, mageuzi manane yanayorudisha mraba mahali pake, ile ya elementi nne ambayo kila mmoja ni kinyume cha mwenyewe, na namba 1 hadi 6 zikizidishwa huku tukibaki na mabaki ya 7. Hii ya mwisho nakusihi uikokotoe. Vipeo vya 3 vinapita 3, 2, 6, 4, 5, 1, vimemaliza wote sita. Vipeo vya 2 vinapita 2, 4, 1, vinarudi. Tatu inagawa sita, na hiyo ni nadharia ya Lagrange (idadi ya elementi za grupu ndogo hugawa idadi ya grupu nzima) imesimama mbele yako. Ukiipenda, weka namba tasa yoyote p mahali pa 7 na utajionea mwenyewe kwa nini a ikipandishwa kipeo p − 1 inaacha baki 1, mradi a haigawiki kwa p. Kwa upande wa pili, grupu ya mipangilio shufwa ya vitu vinne (ile inayopatikana kwa mabadilishano yenye idadi shufwa) ina elementi 12 lakini haina grupu ndogo ya elementi 6, kwa hiyo Lagrange haigeuzwi: namba kugawa idadi ya grupu hakuhakikishi grupu ndogo ya ukubwa huo. Kwenye mtihani wetu wa mwisho swali hilo lilikuwemo.

Ringi (mifumo yenye kujumlisha na kuzidisha kwa pamoja) zitakuja baadaye na utaziona nyepesi kidogo, kwa kuwa aidili, sehemu maalumu ya ringi, inafanya kazi ileile ya grupu ndogo normali. Mfano wa kushika ni mmoja: namba za umbo m + n√−5, m na n zikiwa namba nzima, ambako 6 ni 2 × 3 na pia ni (1 + √−5)(1 − √−5), na hakuna hata kimoja kati ya vipande hivyo kinachovunjika zaidi. Tulizoea kwamba kila namba ina mgawanyo mmoja tu wa namba tasa. Hapa mazoea hayo yanaanguka, na aidili zilibuniwa kuyainua tena.

Kuhusu video na vitabu, kuna wanaokushauri utazame mihadhara mingine kumi mtandaoni kwanza. Sikubaliani nao. Mimi nilitazama mingi, kila mmoja nikauelewa, na karatasi ikabaki nyeupe vilevile. Kilichonisaidia ni kukaa na mwenzangu mmoja mara mbili kwa wiki, kila mtu anamwandikia mwenzake uthibitisho mmoja, na anayesoma ana ruhusa ya kuuliza "kwa nini?" kwenye kila mstari. Inachosha, na wiki za mwanzo tulimaliza maswali mawili tu kwa saa mbili.

Anza leo na jedwali la kadi tatu. Ukishalijaza, tafuta koseti za kulia za H (elementi ikizidishwa upande wa kulia wa H) uzilinganishe na zile za kushoto nilizokupa, kisha ufanye hivyo kwa grupu ndogo ya e, r na s. Weka majibu yako hapa, hata kisanduku kimoja kikikukataa, tukitazame pamoja.