Binti anachora, programu zimemshinda

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko kidato cha pili na kuchora ndiyo kazi yake. Madaftari yote yamejaa maua na sura za watu. Mwaka huu wameanza kufundishwa programu za kompyuta ubaoni, naye anasema hilo ni somo la wenye hesabu zao. Mdogo wangu aliyeko chuo anashauri ajifunze kwa kuchora picha kwenye kompyuta. Je, hayo ni masomo au ni mchezo? Nyumbani tuna laptopu kuukuu, na bando tunanunua tukijaliwa. Mzazi, Tanga.

JIBU: Salaam, mzazi mwenzangu. Ni masomo, tena si ya jana. Mwaka 1967, huko Massachusetts, Marekani, Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga lugha ya Logo kwa ajili ya watoto. Baadaye ikapata kobe: roboti iliyotambaa sakafuni na kalamu yake, ikichora kila ilikopita. Kobe huyo siku hizi anaishi kwenye skrini, na yumo ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu. Ukishaiweka kwenye laptopu yako hiyo kuukuu, bando la nini?

Faida yake naiona kila Jumamosi kwenye klabu yangu. Mtoto akiandika programu ya kukokotoa wastani ikatoa 47 badala ya 52, hashtuki, atajuaje? Lakini ua likitoka na petali moja imening'inia nje, anaguna mwenyewe kabla sijafika mezani pake.

Aanze hivi. Kobe aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, mara 4. Huo ni mraba. Kisha mraba wote urudiwe mara 36, na baada ya kila mraba kobe ageuke nyuzi 10. Litatokea ua la kumfanya asahau chakula. Hapo ameshaandika lupu, yaani amri zinazojirudia, ndani ya lupu nyingine, jambo ambalo ubaoni linawatoa jasho hata waliomtangulia. Halafu arudi kwenye ule mraba wa kwanza, 90 iwe 144 na mara 4 ziwe 5. Akipata nyota, muulize kwa nini 144, na usimsaidie. (5 × 144 ni 720: kobe amezunguka mara mbili kamili.)

Baada ya hapo mpe kanga yako, ile unayoipenda, aichore. Pindo ni nakshi ileile inayojirudia, kwa hiyo ni lupu. Korosho moja akiiandika kama fanksheni, yaani kundi la amri lililopewa jina, ataiita popote, kubwa au ndogo, kwa kubadilisha namba tu. Jina la kanga aliweke peke yake mwanzoni mwa programu, ili akitaka kulibadilisha asiguse mchoro. Kazi iko kwenye pembe! Nakshi ikifika pale lazima igeuke, na hapo ndipo sharti la "ikiwa" linapojileta lenyewe. Wanafunzi wangu huhangaika na pembe nne kuliko kanga nzima, nami huwaacha wahangaike.

Kobe akimchosha, aende p5.js, zana ya kuchora kwa programu ndani ya brauza, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy mwaka 2013. Huko picha zinatembea na kufuata kipanya. Faili zake zinapakuliwa mara moja, kisha brauza inazifungua bila intaneti. Ila kwa kobe, namba ya wima ikiongezeka unapanda, kama kwenye grafu ya hesabu, lakini kwa p5.js sifuri iko pembe ya juu kushoto, na namba ikiongezeka unashuka. Ndiyo maana mimi huanza na kobe.

Kupanga majina kwa alfabeti au kutunza hesabu za duka, hayo atajifunza kwa njia nyingine. Michoro haiyafikii vizuri. Na kama mtihani wao ni wa kalamu na karatasi, kila programu aiandike kwanza daftarini, achore pembeni anachodhani kitatokea, ndipo awashe laptopu. Mpya usinunue. Muuzaji akikwambia kuchora kunataka mashine ya bei, huyo anazungumzia kuhariri video.