Yoga ya kitini kwa mzee wako: anza na kunyanyuka

Ukitaka kujua hali ya mwili wa mzee wako, usimuulize, maana atakwambia "sijambo, namshukuru Mungu". Mwangalie anavyonyanyuka kitini. Mama yangu, mtu wa miaka sabini na kitu, alikuwa anasogea ukingoni, anashika mapaja, anajisukuma, anarudi chini, mara ya pili anavuta "Ya Rabbi" ndefu ndipo anasimama, tena kwa kushika meza. Kila aliyemwona alisema ni uzee. Uzee upo, lakini na mapaja nayo hulegea mtu akishinda amekaa, na mapaja yana dawa yake.

Kutembea barabarani hakutaki. Mchanga, bodaboda, na kila hatua kuna wa kusalimiwa. Ndiyo tukaingia kwenye yoga ya kitini, sebuleni kwetu hapa Tanga.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama hii si ibada ya Wahindi. Ni swali la haki, usimcheke mzee akiliuliza. Nilimwambia tunachochukua sisi ni kupumua na kunyoosha viungo, hakuna kuimba wala kusujudia kitu. Akatulia. Yeye mwenyewe huswali kwenye kiti kwa sababu ya magoti, kwa hiyo mwili kufanya kazi yake ukiwa umekaa halikuwa jambo geni. Na wanaosema yoga ya kiti ni ya kudanganyia, wajue B.K.S. Iyengar, mwalimu mkubwa wa yoga wa India aliyefariki 2014, alikuwa akiwafundisha watu kwa viti, mikanda na kamba.

Kwanza kiti. Vile viti vya plastiki tunavyokodi kwenye shughuli, hapana. Miguu yake hupanuka mtu akiegemea upande mmoja, na kwenye tailizi huteleza. Sofa nalo humeza mzee mpaka kunyanyuka kunakuwa adhabu. Chukua kiti cha mbao cha meza ya chakula, kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Usikiweke juu ya mkeka, mkeka unatembea. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Mama ni mfupi, miguu ilikuwa inaning'inia, fundi akatukatia ubao mpana wa kukanyagia. Soksi avue. Na dera refu lipandishwe lifungwe na kanga, au avae suruali ndani, kwa sababu pindo la dera likiingia chini ya kisigino wakati anasimama, habari imeisha.

Tunaanza na pumzi. Akae mbele kidogo, mgongo usiegemee, avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Jambo la kulinda hapa ni mzee asibane pumzi anapojikakamua, hasa mwenye presha, kwani kubana pumzi huipandisha. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, kwa kuwa anayesema hawezi kubana. Mama hahesabu namba, anataja wajukuu kwa mpangilio wa kuzaliwa, na akimruka mmoja tunaanza upya.

Kisha miguu: vidole juu, vidole chini, kuzungusha vifundo. Inaonekana kitu cha kitoto, lakini misuli ya vigimbi, ile minofu ya nyuma ya mguu chini ya goti, ndiyo inayosaidia kuisukuma damu kurudi juu. Wazee wengi wanaotumia dawa za presha hupata kizunguzungu wakisimama ghafla, kwa hiyo hiki kifanyike kila mara kabla ya kunyanyuka, hata usiku kitandani kabla ya kwenda chooni. Halafu mguu mmoja unyooshwe mbele, paja likazwe, ushikiliwe kwa pumzi mbili tatu, ushushwe. Kwa mikono tunatumia kanga: aishike ncha mbili, aivute ikaze, aipandishe akivuta hewa na kuishusha akitoa. Bega lililokaza liishie linapoishia. Usimvute mkono mzee wa watu.

Kugeuza kiwiliwili na kuinama mbele ndiko kunakopendeza kwenye video, na ndiko ninakokuogopa. Mzee ambaye mifupa yake imekuwa dhaifu anaweza kuvunjika pingili ya mgongo kwa kuinama sana au kujipinda kwa nguvu. Mwenye presha ya macho asishushe kichwa chini. Kama hamna uhakika, ruka sehemu hii, hakuna atakachokosa. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au aliyepata kiharusi aanze kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, asianze na mimi.

Sasa kunyanyuka, na hapa ndipo muda wetu mwingi unapoenda. Asogee mbele ya kiti. Miguu airudishe nyuma kidogo ya magoti, iachane kwa upana wa nyonga. Ainamishe kifua mbele mgongo ukiwa umenyooka, mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu kwa nyayo huku akitoa pumzi. Wazee wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu kusimama wakiwa wameegemea nyuma, uzito wote uko makalioni. Mwanzoni mikono isukume kiti au mapaja, baadaye mkono mmoja, baadaye mikono ikunjwe kifuani. Kushuka ndiko kwenye kazi kubwa zaidi: ashuke polepole, asijiachie puu. Mara tano zinatosha kuanzia. Wewe simama ubavuni mwake, usimshike kwapa. Kama kiti ni kifupi mno, weka blanketi lililokunjwa vizuri kukipandisha, ulipunguze anavyopata nguvu.

Kwa nini nang'ang'ania hili? Kwa sababu ya choo. Nyumba zetu nyingi zina choo cha kuchuchumaa, na mapaja yanayomtoa mtu kitini ndiyo hayo yatakayomtoa pale. Sisi tulifunga na bomba la chuma ukutani la kushikia, na nakushauri usingoje mtu aanguke ndipo umwite fundi. Mzee anayejiendea chooni mwenyewe ana heshima yake mkononi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba siku 3 au zaidi kwa wiki. Kukaa tu hakumfundishi mtu kutoyumba. Kwa hiyo mwishoni mama hushika nondo za dirisha, anainuka kwa vidole vya miguu na kushuka, nami niko nyuma yake.

Muda wetu ni asubuhi baada ya chai, viungo vikiwa vimepata joto. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifanye na njaa. Msuli ukivutika ni sawa. Maumivu makali ndani ya kiungo, kifua kubana, pumzi kukatika au kizunguzungu, acheni hapo hapo, na kifua kikiendelea kubana msingoje kesho, nendeni hospitali.

Video za simu mimi nimeziacha. Skrini ndogo, Kiingereza cha haraka, na binti mwembamba ambaye hajawahi kuumwa goti. Kaa naye uso kwa uso, ufanye naye. Jirani akija, mvutieni kiti. Na siku mama anapogoma, maana hugoma, tunaishia kwenye vifundo vya miguu tu huku anasikiliza taarifa ya habari na kuwasema wanasiasa, na kwangu siku hiyo imehesabika.