Chang'aa na maradhi ya akili: mwanangu ataanza kutibiwa wapi?

SWALI: Mwanangu mwenye umri wa miaka 26 amewekwa rumande juzi kwa kesi ya wizi. Amekuwa akisikia sauti na kunywa chang'aa kila siku. Hospitali moja ilimtaka aache pombe kwanza, nacho kituo cha waraibu kikamkataa kwa kuwa ni mgonjwa wa akili. Nifanyeje? – Mama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama. Kumrusha mgonjwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni kumnyima tiba, kwa sababu sauti humsukuma kunywa na pombe huzidisha sauti. Maradhi hayo yanapaswa kutibiwa kwa pamoja, kwa dawa na ushauri nasaha, na wahudumu wanaowasiliana.

La dharura ni kuwaeleza wahudumu wa afya wa gereza leo hii kiasi alichokuwa akinywa na dawa alizowahi kupewa, kwani anayekatizwa pombe ghafla anaweza kupatwa na degedege, kuweweseka na hata kufa.

Kisha wakili, au wewe mwenyewe, mwelezeni hakimu. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai huitaka mahakama ichunguze hali ya akili ya mshtakiwa anayeonekana kushindwa kujitetea. Akipatikana na hatia, ripoti ya afisa wa probesheni yaweza kumsaidia hakimu kuamua atumikie adhabu nje, akiendelea na matibabu.

Mtafutie miadi ya kliniki kabla hajaachiliwa, maana majuma ya kwanza uraiani ndiyo yenye hatari kubwa ya kurudia ulevi.