Penetration: Panki Kutoka Mji wa Makaa ya Mawe

SWALI: Dada, kila nikisoma habari za panki ya Uingereza, ule muziki wa roki wa kasi na ghadhabu, naona London, London. Je, mikoani hakukuwa na bendi? Na wanawake walikuwa watazamaji tu?

JIBU: Bendi zilikuwepo, ndugu yangu, na niipendayo kuliko zote ni Penetration, ya Ferryhill, mji mdogo wa makaa ya mawe huko County Durham, kaskazini-mashariki. Mgodi wa pale ulifungwa 1966. Miaka kumi baadaye Pauline Murray, binti wa miaka 18, akashika maikrofoni, Robert Blamire akiwa kwenye gitaa la besi. Mwanzoni walijiita The Points. Jina la Penetration walilitoa kwenye wimbo wa Iggy and the Stooges, bendi ya roki ya Marekani.

Singo yao ya kwanza, “Don't Dictate”, yaani msituamrishe, ilitoka Novemba 1977. Msikilize Murray humo. Waimbaji wengi wa panki walifoka. Yeye anapanda juu kwa sauti safi, kali, anaing'ang'ania hapo huku magitaa yakikimbia chini yake. Hata leo wimbo huo ukipigwa naacha ninachofanya.

Mwaka 1978 ikaja albamu ya Moving Targets. Baadhi ya sahani zake za santuri za mwanzo zilitengenezwa kwa plastiki inayong'aa gizani, nami ninayo moja. Naianika chini ya taa dakika chache, nazima, inabaki duara ya kijani hafifu ikizunguka peke yake chumbani. Inapendeza mno, ila plastiki ile ina mchakacho: sindano ikigusa tu, unasikia kama mchanga unamwagika. Kwa kusikiliza, tafuta sahani nyeusi.

Albamu ya pili, Coming Up for Air, ilitoka 1979 wakiwa hoi kwa ziara, ikiwemo ya Marekani. Oktoba mwaka huohuo, jukwaani City Hall ya Newcastle, wakatangaza kuwa wanavunja bendi.

Murray hakunyamaza. Mwaka 1980 alitoa albamu na bendi ya The Invisible Girls, chini ya prodyuza Martin Hannett, na baadaye akaendesha studio za mazoezi hukohuko Newcastle, jambo ninalomheshimu sana. Penetration ilirudi 2001, na 2015 ikatoa albamu ya Resolution.

Anza na “Don't Dictate”, kisha siku hiyohiyo weka Resolution. Kati yake kuna miaka 38, lakini sauti ya Murray utaitambua kabla ubeti wa kwanza haujaisha.